Habari ya Kusikia na Habari ya Kuona: Maisha ya Mohamed Amin Yakitazamwa kutoka Ufipa

Historia ya habari katika Tanzania Bara aghalabu huandikwa kwa kufuata njia mbili. Njia ya kwanza ni ya magazeti: huanza na gazeti la Kiongozi la wakati wa Wadachi, ikapita katika Mambo Leo, lililoanza kutolewa na Serikali ya Waingereza katika mwaka wa 1923, ikaendelea mpaka magazeti ya siasa na ya uhuru. Njia ya pili ni ya redio: huanza na Sauti ya Dar es Salaam ya mwaka wa 1951, ikafuata Shirika la Utangazaji la Tanganyika la mwaka wa 1956, kisha Redio Tanzania Dar es Salaam iliyoundwa katika mwaka wa 1965. Watu wa njia hizi mbili wajulikana kwa majina ya kazi zao, mwandishi na mtangazaji, na lugha ya Kiswahili ina deni kubwa kwao. Iko njia ya tatu ambayo hutajwa kwa uchache, nayo ni ya watu waliozifuata habari kwa kamera ya televisheni.

Katika Afrika ya Mashariki hapana mtu wa njia hii ya tatu ambaye jina lake lilifika mbali kuliko Mohamed Amin, aliyezaliwa mwaka wa 1943 akafariki mwaka wa 1996. Maisha yake yamekwisha kuelezwa mara nyingi kwa Kiingereza. Hapa yatatazamwa kutoka upande mwingine, yaani upande wa msikilizaji wa Kiswahili aliyekaa mbali na pwani na mbali na miji mikubwa. Kwa mfano wa msikilizaji huyo imechaguliwa Mpui, katika nchi ya Ufipa. Swali ni moja: mtu huyu alipata nafasi gani katika lugha ya habari ya Kiswahili, na kwa nini akapata nafasi ndogo namna ile?

Mpui ni mji mdogo ulio kusini-mashariki ya Sumbawanga, kando ya barabara iendayo Laela na Tunduma. Nchi yenyewe ni ya juu na ya baridi, baina ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki, na watu wake ni wakulima wa mahindi, maharagwe na ulezi. Lugha ya nyumbani ni Kifipa, ambacho wataalamu wa lugha za Kibantu hukiweka pamoja na Kirungu na Kimambwe. Kiswahili kilishika mizizi huko kwa njia ya biashara, dini, serikali na shule. Na baada ya hayo kikapata msaidizi mwenye nguvu, yaani redio. Kutoka Dar es Salaam hata Ufipa ni safari ya kilomita zaidi ya 1,000. Gazeti lililochapwa pwani lilihitaji siku kadhaa ili kuimaliza safari hiyo, na wakati wa masika lingeweza kuchelewa zaidi. Taarifa ya habari ya redio ilifika saa ile ile iliposomwa.

Kwa hiyo habari ya dunia, kwa mtu wa Mpui, ilikuwa ni kitu cha kusikia. Lugha yenyewe yalishuhudia jambo hili. Katika Kiswahili mtu huuliza, "Umesikia habari?" Hapo zamani hakuna aliyeuliza, "Umeona habari?" Habari huletwa, hupashwa, husimuliwa, hutangazwa, vitenzi vyote hivi vyamtaka mwenye kinywa na mwenye sikio. Msomaji wa taarifa katika redio alilazimika kuyaeleza kwa maneno yote ambayo msikilizaji hakuweza kuyaona: mahali, idadi ya watu, cheo cha msemaji, hali ya hewa ikibidi. Katika shule hiyo Kiswahili cha habari kilijifunza ukamilifu wake.

Mohamed Amin alizaliwa Nairobi, katika mtaa wa Eastleigh, tarehe 29 Agosti 1943. Asili ya wazazi wake ilikuwa Punjab, na baba yake alifanya kazi katika reli ya Afrika ya Mashariki. Kazi hiyo ndiyo iliyoihamishia jamaa Dar es Salaam, naye Mohamed akakulia huko na kusoma huko. Alipokuwa angali mwanafunzi alipata kamera ndogo ya bei rahisi, akaanza kupiga picha na kuziuza kwa magazeti. Katika mwaka wa 1963, kabla hajatimiza miaka 20 au ndiyo kwanza ameitimiza, alianzisha katika Dar es Salaam kampuni yake ya picha aliyoiita Camerapix.

Wakati ulikuwa wa mambo makubwa. Tarehe 12 Januari 1964 yalitokea mapinduzi ya Zanzibar, na siku chache baadaye, tarehe 20 Januari, askari wa Tanganyika Rifles wakaasi katika kambi ya Colito. Mwezi wa Aprili mwaka ule ule Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Kijana huyu alivuka kwenda Unguja kuyapiga picha mapinduzi, na filamu zake zikanunuliwa na mashirika ya habari ya nchi za nje. Hapo ndipo alipojua kwamba picha inayotembea, ikiwa imepigwa mahali ambapo wengine hawajafika, ina soko duniani.

Walakini picha ya namna hiyo huwa pia na maadui. Katika mwaka wa 1966 alikamatwa Unguja, akafungwa gerezani kwa muda wa karibu mwezi mmoja, akateswa, kisha akaondolewa katika nchi. Akarudi Nairobi, mji aliozaliwa, na tangu hapo Camerapix ikawa kampuni ya Nairobi. Tanzania ikampoteza mtu huyo, na sababu ilikuwa ile ile kazi aliyoianza kwake.

Yafaa ikumbukwe kwamba hata kama angalibaki Dar es Salaam, picha zake zisingaliweza kuonekana kwa televisheni ya huko. Kenya ilianza kuwa na televisheni katika mwaka wa 1962, Uganda katika mwaka wa 1963, na Zanzibar ikapata televisheni ya rangi katika miaka ya mwanzo ya 1970. Tanzania Bara ilichagua kukaa bila televisheni. Serikali iliona kwamba chombo hicho ni cha gharama kubwa, kitawafaa wachache wa mijini, na kwamba fedha itumike kwa redio inayofika vijijini. Uchaguzi huo haukuwa wa ovyo. Kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka wa 1973, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kusikiliza, iliwafikia watu wapatao milioni mbili, wakachimba vyoo na kusafisha visima. Televisheni isingaliweza kufanya hivyo katika nchi isiyo na umeme vijijini. Lakini kila uchaguzi una bei yake. Bei ya uchaguzi huu ilikuwa kwamba kwa muda wa miaka 30 na zaidi tangu uhuru, Kiswahili cha habari cha Tanzania Bara kilikua pasipo picha inayotembea.

Katika miaka hiyo Mohamed Amin alifanya kazi hasa kwa ajili ya Visnews, shirika la London lililowauzia vituo vya televisheni vya dunia filamu za habari, na ambalo baadaye liliingia mikononi mwa Reuters. Namna ya kazi hiyo yataka kuelezwa, maana humo ndimo lililomo jambo la lugha. Mpiga picha wa shirika hupiga filamu mahali pa tukio. Filamu haisemi yenyewe ni nani anayeonekana, wala ni siku gani, wala ni mji gani. Kwa hiyo pamoja na filamu hiyo hupelekwa karatasi ya maelezo, ambayo mpiga picha huorodhesha humo kila sehemu ya picha kwa utaratibu wake: majina, vyeo, mahali, saa, na sababu ya tukio. Filamu na karatasi hutiwa katika mfuko mmoja na kupelekwa London kwa ndege. Huko filamu hukatwa na kuunganishwa, na maneno mapya huandikwa kwa kuitegemea ile karatasi. Kila kituo cha televisheni kinachonunua picha hutia juu yake sauti ya mtangazaji wake.

Basi mpiga picha alikuwa mwandishi wa kwanza wa habari ile. Lau alikosea jina la mtu, dunia nzima ingelikosea. Walakini maandishi yake yalifichwa nyuma ya sauti ya mwingine, na yalikuwa ya Kiingereza. Tukio lilitokea Afrika ya Mashariki, mara nyingi likiwa limesemwa kwa Kiswahili na watu waliolitenda, likapigwa picha na mtu aliyelelewa Dar es Salaam, likaandikwa kwa Kiingereza, likaenda London, kisha likarudi kwa msikilizaji wa Kiswahili kama habari ya redio, mara nyingine kutoka London ile ile, kwa kuwa Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilikuwa ikisikika tangu mwaka wa 1957. Katika mzunguko huo picha ilibaki njiani. Kilichomfikia mtu wa Ufipa ni maneno.

Mfano mmoja ni kifo cha Tom Mboya. Tarehe 5 Julai 1969, siku ya Jumamosi, waziri huyo wa Kenya alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa mjini Nairobi. Mohamed Amin alifika upesi, akaendelea kupiga picha hata ndani ya gari la wagonjwa. Picha hizo zilimpatia tuzo ya mpiga picha wa televisheni katika Uingereza. Nchi zote za jirani zilipata habari ya kifo hicho kwa redio, na watu wengi wa Tanzania wakamlilia Mboya. Hawakuwa na haja ya kumjua aliyekuwa karibu na mwili wake akiwa na kamera, wala redio haikuwa na sababu ya kumtaja.

Hapa yafaa kuyatazama majina ya kazi. Mwandishi wa habari ni jina lililotoka katika gazeti: mtu huyu huandika. Mtangazaji ni jina lililotoka katika redio: mtu huyu hutangaza. Mpiga picha ni jina lililotoka katika studio ya mjini. Kitenzi piga, ambacho katika Kiswahili hubeba kazi nyingi, kama kupiga pasi, kupiga kura na kupiga simu, hakisemi lolote juu ya habari. Anayempiga mteja picha ya kitambulisho katika studio ya Sumbawanga ni mpiga picha, na anayeingia katika vita na filamu begani ni mpiga picha vile vile. Jina halikuwatenga. Kwa hiyo katika mpangilio wa majina, mwandishi aliyekaa ofisini na kuifasiri taarifa iliyoletwa kwa waya alikuwa mtu wa habari. Lakini yule aliyeiona habari kwa macho yake alihesabiwa kuwa fundi wa chombo. Hili si kosa la lugha. Lugha huwapa majina watu ambao wasemaji wake wanawaona, na wasemaji wa Kiswahili wa bara hawakupata kumwona mtu wa namna hii akifanya kazi yake.

Kazi iliyomjulisha Mohamed Amin kwa dunia ilikuwa ile ya Ethiopia. Katika Oktoba 1984 aliingia Korem na Mekele pamoja na Michael Buerk, mwandishi wa BBC, na kuwakuta maelfu ya watu waliokuwa wakifa kwa njaa. Taarifa yao ilionyeshwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984, kisha ikachukuliwa na vituo vya televisheni zaidi ya 400. Fedha na chakula vikakusanywa kwa wingi usiokuwa wa kawaida, na tarehe 13 Julai mwaka uliofuata ukafanyika mkutano mkubwa wa muziki wa Live Aid katika London na Philadelphia. Maneno yaliyokumbukwa ya taarifa ile yalikuwa ya Buerk, nayo yalistahili sifa. Hata hivyo kibali cha kuingia, njia ya kufika, na macho yaliyochagua mahali pa kusimama, vilitegemea sana mtu wa Nairobi aliyeifahamu nchi ile kwa miaka mingi.

Mtu aliyekuwa Mpui katika mwezi ule wa Oktoba hakuweza kuziona picha hizo, kwani Tanzania Bara ilikuwa bado haina kituo cha televisheni hata kimoja. Kwa masikio yake, njaa ya Ethiopia ilikuwa taarifa miongoni mwa taarifa. Haifai kudhani kwamba kwa sababu hiyo alielewa kidogo. Mkulima wa Ufipa ajua maana ya mvua kukosekana bila kuonyeshwa. Lakini huruma iliyowashtua watu wa Ulaya na Marekani ilitokana na kuona; na habari ya Afrika, iliyopigwa picha na Mwafrika wa Mashariki, ilionekana kwanza, na kwa ukamilifu zaidi, na watu wasiokuwa Waafrika.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya gharama kubwa. Mwezi wa Juni 1991, baada ya kuanguka kwa serikali ya Mengistu, ghala ya silaha ililipuka katika Addis Ababa. John Mathai, fundi wake wa sauti, aliuawa, naye mwenyewe akakatwa mkono wa kushoto. Baada ya miezi michache alikuwa amerudi kazini, akiwa na mkono wa bandia na kamera iliyotengenezwa upya ili iweze kushikwa na mkono huo. Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Ndege hiyo ilitekwa nyara na watu watatu waliotaka ipelekwe Australia. Mafuta yakaisha, ikaanguka baharini karibu na pwani ya Ngazidja. Kati ya watu 175 waliokuwamo walikufa 125, na Mohamed Amin alikuwa mmoja wao, pamoja na mwenzake wa miaka mingi, mwandishi Brian Tetley. Kuanguka kwa ndege hiyo kulipigwa picha ya video na mtalii aliyekuwa ufukoni, na picha hiyo ikaonyeshwa duniani kote.

Miaka miwili kabla ya kifo chake, mnamo 1994, televisheni za watu binafsi zilikuwa zimeanza Dar es Salaam, miongoni mwazo ITV na DTV. Televisheni ya Taifa ikafuata katika mwaka wa 2000. Kufika kwa picha katika Ufipa kulichukua muda zaidi, kwa kuwa televisheni yataka umeme, na mji wa Sumbawanga kwa miaka mingi ulipata umeme wake kwa kununuliwa kutoka Zambia. Lugha nayo ililazimika kujirekebisha. Kwanza kilitakiwa jina la chombo. Televisheni likakubaliwa na watu. Kando yake likasimama runinga, neno linalohusishwa na Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, ambalo huelezwa kuwa limeundwa kwa kuunganisha rununu, yaani sauti isikikayo kutoka mbali, na maninga, yaani macho. Ndani ya neno hilo sikio limetangulia jicho, kama ilivyokuwa katika historia yenyewe.

Kisha msemo ukabadilika. Watu walianza kusema "kutazama taarifa ya habari," jambo ambalo kwa msikilizaji wa zamani lingekuwa la ajabu. Walakini Kiswahili cha taarifa zenyewe kilibaki kwa kiasi kikubwa kuwa cha redio. Msomaji aliendelea kuyaeleza kwa ukamilifu mambo ambayo mtazamaji alikuwa akiyaona mbele yake, na picha ikawa kama pambo lililowekwa nyuma ya maneno. Hili ndilo alama ya ule muda mrefu wa kukaa bila picha. Wale walioianzisha televisheni ya bara wengi wao walifunzwa na redio; hawakuwa na mfano wa Kiswahili wa mtu aliyeanza na picha, ijapokuwa mtu huyo alikuwa amekulia katika mji wao.

Kazi ya Mohamed Amin ilirudi Tanzania kwa mlango mwingine, yaani mlango wa mwandishi wa mkoani. Mtu huyu huwa peke yake: yeye ndiye anayepiga picha, ndiye anayeuliza maswali, ndiye anayeandika maelezo na kuyatuma Dar es Salaam. Daudi Mwangosi wa Iringa, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa chama cha waandishi wa habari wa mkoa huo, alikuwa wa namna hii. Tarehe 2 Septemba 2012 aliuawa katika kijiji cha Nyololo, wilaya ya Mufindi, alipokuwa akifuatilia shughuli za chama cha siasa ambazo polisi walizizuia. Katika mwaka wa 2016 Mahakama Kuu ilimtia hatiani askari polisi kwa kuua bila kukusudia, ikampa kifungo cha miaka 15. Nyololo iko katika Nyanda za Juu Kusini, kama ilivyo Ufipa. Kwa watu wa sehemu hizo, hatari ya kazi ya televisheni haikuwa tena jambo la Addis Ababa au la Unguja ya mwaka wa 1966.

Ni katika kizazi hiki ambapo jina mwanahabari limepata nguvu. Limeundwa kwa utaratibu ule ule wa mwanasheria na mwanasiasa, wala halimuulizi mtu kama anashika kalamu, kipaza sauti au kamera. Kwa jina hilo Mohamed Amin aweza kuingia katika historia ya habari ya Kiswahili bila kuombewa ruhusa, ambapo kwa jina mpiga picha aliachwa mlangoni.

Iliyobaki ni kazi ya wataalamu. Filamu za Mohamed Amin, pamoja na karatasi za maelezo zilizokwenda nazo, ni kumbukumbu za nchi hizi kwa muda wa miaka zaidi ya 30. Karatasi hizo zastahili kusomwa kama maandishi ya historia, na kufasiriwa kwa Kiswahili, ili majina ya watu na mahali yarudishwe katika lugha ambayo mengi yake yalitamkwa kwanza. Kadhalika wazee wa mahali kama Mpui, waliozipokea habari zile zile kwa sikio, wafaa kuulizwa wangali hai: ni maneno gani waliyoyasikia, na ni picha gani waliyojichorea wenyewe katika mawazo. Hapo ndipo nusu mbili za habari moja zitakapoweza kuwekwa pamoja.